Sauti ikiwa chini kwenye laini, geini iache kwanza

Malalamiko yanayomfikia fundi wa saketi za sauti kuliko yote ni hayo maneno matatu, sauti iko chini. Watu hawalalamiki kwamba sauti iko juu, labda mpaka ianze kuchanika, nadhani wakisikia sauti kubwa wanaona mtambo mzima ni mzuri. Sasa kwa vile malalamiko ni ya upande mmoja basi na marekebisho nayo yanakuwa ya upande mmoja, mtu anafika, anazungusha geini kidogo, yaani ule ukuzaji wa sauti, mteja anasema aah sasa nakupata vizuri, begi linafungwa, kazi imeisha. Halafu siku si nyingi yule yule mteja anarudi na kilio kingine kabisa, anajisikia mwenyewe akiongea, au laini inapiga mluzi, au akibonyeza namba mashine ya upande wa pili haizisomi. Anakuja fundi mwingine asiyejua wa kwanza alifanya nini, naye anaongeza au anapunguza pale anapopafikia, na saketi inazidi kupotea.

Mi msimamo wangu nauweka mapema ili usisome ukingoja: ukikaa kupanga levo, yaani viwango vya sauti, za saketi ya simu (njia nzima ya sauti kutoka upande mmoja mpaka mwingine), kitu unachokipanga hasa ni upotevu. Unaamua upoteze kiasi gani, upotezee wapi, na upande upi. Geini lazima iwepo, bila geini simu ya mbali hamna, lakini geini mtu yeyote anaweza kuiweka. Kuweka upotevu kwa makusudi kwenye saketi ambayo mteja wake analia sauti ndogo, hapo ndo unajua kama mtu anaelewa anachofanya.

Tuanze na vipimo, nitapita haraka. Kila kitu kwenye saketi za sauti kinapimwa kuanzia milliwati 1, hiyo ndo 0 dBm, na kwenye mzigo wa ohmu 600 ni volti 0.775 hivi. Ukipanda desibeli 3 nguvu imekuwa mara mbili, ukipanda 10 imekuwa mara kumi, na kama unasoma volti kwenye impidansi ile ile (ukinzani wa saketi kwa umeme wa sauti) basi volti zinakuwa mara mbili ukipanda 6. Uzuri wake ni kwamba kuzidisha kunageuka kujumlisha, kipande hiki kinapoteza 4, kile kinapoteza 7, amplifaya inarudisha 9, jumla umepoteza 2, hesabu ya kichwani. Zamani watu wa kampuni ya simu ya Bell kule Marekani walikuwa wanapima kwa maili za kebo, yaani wanasema saketi hii inapoteza sawasawa na maili kadhaa za kebo ya kawaida, ila kebo inapoteza tofauti kwa kila masafa kwa hiyo kipimo chenyewe kilikuwa kinayumba. Miaka ya 1920 wakaja na kipimo cha kilogarithmi kisichojali masafa, mwaka 1928 kikaitwa desibeli kwa heshima ya Alexander Graham Bell, na walikichagua kikaribiane na ile maili ya zamani ili mafundi wasichanganyikiwe. Ndo maana kwa sauti ya mtu desibeli 1 ni kitu ambacho sikio linakihisi kwa shida, haikutoka hewani.

Sasa hapa kwenye hili linalofuata ndo vijana wengi wanapokwama, kwa hiyo sitakimbia. Saketi moja ina pointi nyingi na kila pointi ina levo yake iliyopangwa. Kwenye mitambo ya mfumo wa Marekani ya waya nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, upande wa kutuma kuingia kwenye mtambo wa kuunganisha chaneli levo iliyopangwa ni -16, na upande wa kupokea unaotoka ni +7. Kwa hiyo ukitia toni ya jaribio ile ile moja, ukipima upande wa kutuma unasoma -16 dBm na ukienda kupima upande wa kupokea unasoma +7 dBm, tofauti ya desibeli 23, na hakuna kilichoharibika, toni ni ile ile na ina ukubwa ule ule. Ni kama saa za ukutani za nchi mbili, moja inasema asubuhi nyingine inasema jioni na dakika ni hiyo hiyo moja. Ndo maana kuna ile sifuri ndogo kwenye dBm0, inakwambia namba hii nimeshaitoa kwenye saa ya mahali nimeirudisha kwenye saa ya pamoja. Mtu akisema ana -13 kwenye laini swali la kwanza ni -13 ya wapi, kwa sababu -13 dBm kwenye pointi ya -16 ni sauti iliyozidi kwa 3, na -13 dBm kwenye pointi ya +7 ni sauti iliyoanguka kwa 20. Namba bila pointi haina maana yoyote, na mi nimeshaona ripoti nzima za kurasa nyingi zenye namba za dBm bila kusema zimepimwa wapi, hizo unaweza kuzifungia mlango tu usiingie upepo.

Waya zenyewe zinapoteza, hilo halina ubishi. Kebo ya shaba ya milimita 0.4 inapoteza takriban desibeli 1.7 kwa kilomita kwenye hetsi 1000, na inapoteza zaidi kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo sauti ya mbali haipungui tu, inakuwa butu pia, herufi kama s na f zinapotea mwanzo. Oliver Heaviside, Mwingereza wa nadharia za umeme, alishaonyesha mwaka 1887 kwamba ukiongeza induktansi, ile tabia ya koili, kwenye laini unaweza kupunguza huo uharibifu, na baadaye ikawa kawaida kuweka koili njiani kwa vipimo, ule mpango maarufu wa koili za milihenri 88 kila futi 6000. Koili hizo zinanyoosha bendi ya sauti vizuri sana halafu juu yake zinakata kabisa, ndo maana intaneti ya laini za shaba ilipokuja ikabidi watu waanze kuzitoa moja moja. Hiyo ni habari ndefu, naiacha.

Tuje kwenye haibridi, maana tatizo lote la levo linakaa hapa.

Simu ya mezani inaongea na kusikiliza kwenye waya mbili zile zile. Amplifaya haiwezi kufanya hivyo, inakuza upande mmoja tu, kwa hiyo saketi ya mbali inagawanywa iwe waya nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, na kile kitu kinachogawanya ndo haibridi. Kazi yake ni kuhakikisha sauti inayofika kutoka mbali inateremka kwa msikilizaji bila kupenya kurudi ilikotoka. Inafanya hivyo kwa kulinganisha laini halisi na laini ya kuigiza, resista na kapasita chache tu, kwa mfano ohmu 900 na mikrofaradi 2.16 zikifuatana. Laini halisi ikifanana na hiyo ya kuigiza, sauti haipenyi. Ila laini halisi hazifanani, moja fupi, nyingine ndefu, nyingine ina koili, nyingine mtu kaning'iniza simu tatu, kwa hiyo huo mfano wa kuigiza ni wa kukadiria tu na sauti inapenya. Na hata haibridi ikiwa nzuri kabisa kila ukipita unailipa kama desibeli 3.5, kwa sababu nusu ya nguvu inaenda mahali pasipo na faida.

Sasa piga hesabu. Tuseme haibridi za pande zote mbili ni mbovu, kila moja inazuia desibeli 6 tu. Tuseme pia kutoka waya mbili za upande huu mpaka waya mbili za upande ule umepanga isipotee hata desibeli moja, sifuri kabisa, maana mteja anataka sauti. Ukizunguka duara zima, unaenda, unapenya haibridi ya kule, unarudi, unapenya haibridi ya huku, umepoteza 6 na 6, jumla 12. Saketi imetulia bado. Anakuja mtu anaongeza desibeli 6 kila upande. Duara limebaki na upotevu wa sifuri, na hapo laini inaanza kuimba yenyewe, mluzi, hakuna hata mtu anayeongea. Kwa kweli itaanza mapema zaidi, kwa sababu ulinganifu wa haibridi haufanani kwenye bendi nzima, kwenye kingo za chini karibu na hetsi 300 na za juu karibu na 3400 ndo mbaya zaidi, na mluzi unajichagulia pale pale pabaya. Na kabla haijafika kuimba inapita kwenye hatua ambayo watu wanaichukia bila kuijua jina, sauti inakuwa na mvumo, kila neno linaburuta mvumo wake nyuma.

Angalia hesabu ilivyokaa, duara linapita pande zote mbili, kwa hiyo kila desibeli 1 unayoongeza kila upande inaondoa 2 kwenye duara. Mwangwi nao ni hivyo hivyo, sauti yako inaenda, inarudi, inakutana na geini zote mbili. Sasa ligeuze: ukiweka desibeli 1 ya upotevu kila upande, msikilizaji anapoteza 1, ambayo hata haihisi, na mwangwi unashuka 2. Biashara hiyo ndo iliyoendesha mitambo ya simu ya dunia nzima kwa miaka mingi, unamnyima msikilizaji kidogo unampa mzungumzaji zaidi, na wote wawili wanashukuru bila kujua.

Wale wa Bell walikuwa na kanuni yao, ilikuwa inasema upotevu wa saketi nzima uwe kama desibeli 0.1 kwa kila milisekunde ya kwenda na kurudi, ongeza 0.4 kwa kila saketi iliyounganishwa kwenye mnyororo, ongeza 5 za mwishoni. Kadiri mwangwi unavyochelewa ndivyo unavyoudhi, ukirudi haraka sana unazama ndani ya sauti yako mwenyewe huoni kitu, ukichelewa unakukatisha maneno, kwa hiyo saketi ndefu ikapewa upotevu mkubwa. Kwenye saketi ndefu kabisa hata hiyo haitoshi, ungepoteza mpaka msisikizane, ndo wakawa wanaweka vizuia mwangwi, mtambo unaosikiliza nani anaongea na kumfungia mwingine njia. Wazee waliopiga simu za mbali enzi hizo wanakumbuka ile hali ya ukiingilia maneno yako yanakatwa mwanzo.

Na geini yenyewe haikuja kirahisi. Laini ya kwanza ya kuvuka Marekani, New York mpaka San Francisco, ilifunguliwa rasmi 25 Januari 1915, Alexander Graham Bell akiwa New York na msaidizi wake wa zamani Thomas Watson San Francisco, na iliwezekana kwa sababu valvu za utupu zilikuwa zimeshaboreshwa kiasi cha kutumika kama amplifaya njiani. Lakini amplifaya za wakati ule zilikuwa zinayumba, leo geini hii kesho ile, valvu ikizeeka inabadilika, na kila moja inaongeza uchafu wake kwenye sauti. Ukiweka kadhaa kwenye mnyororo makosa yanajumlishana. Harold Black, mhandisi wa Bell, ndo aliyetoa jibu, tarehe 2 Agosti 1927 akiwa kwenye kivuko cha Lackawanna akivuka mto Hudson kwenda kazini, akachora wazo lake juu ya ukurasa wa gazeti la The New York Times: chukua sehemu ya kinachotoka, kigeuze, kirudishe kwenye kinachoingia. Unapoteza geini nyingi sana kwa makusudi na unachobakiwa nacho kimetulia. Unaona, hata amplifaya yenyewe iliponywa kwa kupoteza. Mi hii huwa inanifurahisha kila nikiikumbuka.

Basi kuna saketi moja niliitiwa, waya nne, kati ya ofisi mbili za kampuni moja, kila upande ina swichi yake. Malalamiko, ofisi ya kwanza wanasema hawawasikii wa pili, na kila mtu anajisikia mwenyewe. Kwenye raki kulikuwa na karatasi ya kumbukumbu, na mi karatasi za namna hiyo nazipenda kuliko mita, imeandikwa kwa kalamu tofauti tofauti, geini imepandishwa, tarehe, geini imepandishwa, tarehe, hakuna aliyewahi kuteremsha. Nikaomba toni kutoka upande wa pili, nikachomeka mita kwenye pointi ya kupokea iliyopangwa +7, mita ikiwa imening'inia tu bila kufunga mzigo kwa sababu swichi tayari ni mzigo, ikasoma 10.5. Nikaenda upande mwingine wa saketi, vile vile, imezidi 3.5.

Ukiona 3.5 huhitaji kumuuliza mtu. Mita za kazi hii zina swichi ndogo, nafasi moja mita inajifanya mzigo wa ohmu 600, nafasi nyingine inachungulia tu kwa impidansi kubwa. Saketi ikiwa tayari imefungwa na mtambo na wewe ukachomeka mita yenye mzigo wake, sasa kuna 600 mbili sambamba, volti zinashuka mpaka theluthi mbili ya zilizopaswa kuwa, na theluthi mbili kwa desibeli ni -3.5. Fundi anaona levo iko chini 3.5, anafurahi kwamba amepata kosa, anapandisha mpaka mita iseme sawa, anachomoa mita, na sekunde ile ile saketi inapanda 3.5 juu ya mpango. Kosa la kinyume lipo pia, saketi imefunguliwa haina mzigo na mita inachungulia tu, inasoma 6 zaidi ya ukweli, mtu anateremsha, akirudisha mtambo sauti imekufa. Hapa walifanya la kwanza, pande zote mbili, kwa hiyo mwangwi ulipewa zawadi ya 7.

Nikarudisha levo kwenye mpango. Mwangwi ukapotea hapo hapo. Na malalamiko ya sauti iko chini yakabaki, tena yakawa makali zaidi, meneja wa pale akaniangalia kwa jicho la kuuliza umelipwa kuharibu?

Ikabidi niende kukaa ofisi ya pili niwasikilize wakipiga simu. Wanaongea taratibu, karibu kunong'ona, wote, ambao dakika moja nyuma walikuwa wanaitana kwa sauti kutoka meza hadi meza. Nikainua simu moja nikapuliza kwenye kipaza, nikajisikia sikioni kwa nguvu. Ile sauti yako mwenyewe inayorudi sikioni mwako kutoka kwenye simu yako imewekwa kwa makusudi, bila hiyo simu inaonekana imekufa na watu wanapaza sauti. Ila ikiwa kubwa mno, mtu anajisikia yuko juu anajishusha mwenyewe bila kuamua, ni ndugu wa ile tabia ambayo Étienne Lombard wa Ufaransa aliieleza mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba kwenye kelele mtu anapaza sauti bila kujua. Simu zao mpya zilikuwa na kiwango hicho kimepandishwa. Tukakishusha kwenye simu zenyewe, watu wakaanza kuongea kama watu, saketi haikuguswa tena. Hakuna geini yoyote ambayo ingetibu hilo, ungeongeza ungekuwa unakuza mnong'ono pamoja na feni ya ofisi.

Watu wa viwango wameshaweka hii kwenye hesabu, wanaangalia njia nzima kutoka mdomo mpaka sikio, simu ya kutuma, saketi, simu ya kupokea, wanajumlisha, na inayopendeza watu wengi inaangukia kama desibeli 10 kwa kipimo chao. Sio sifuri. Ukikaribia sifuri watu wanasogeza simu mbali na sikio.

Kuna sababu nyingine ya kutopandisha ambayo mteja haioni kabisa, dari. Kwenye mitambo ya zamani ya kubeba chaneli nyingi kwa masafa, chaneli zote zinapita kwenye amplifaya moja, kwa hiyo kila mmoja ana fungu lake. Wastani uliokubaliwa kimataifa ni -15 dBm0 kwa chaneli, ukihesabu na ukimya wa watu wanapokuwa hawaongei, kama mikrowati 32 tu. Chaneli 960 zinakupa kama milliwati 30, na amplifaya imejengwa kwa hesabu hiyo. Wewe ukipandisha wako ukasema ni chaneli moja tu, jirani naye kasema hivyo hivyo, na ikizidi sio wewe utakayesikia, uchafu unamwagikia chaneli za watu wengine. Ndo maana toni za jaribio kwenye mitambo hiyo zilishushwa zikawa -10 dBm0 badala ya sifuri, na modemu zikapewa -13 dBm0, kwa sababu modemu haipumui, inalia mfululizo.

Kwenye dijitali dari ni gumu zaidi. Kodeki ya kawaida ya simu, kile kinachogeuza sauti kuwa namba, inafika +3.14 dBm0 kwa ile inayotumika sehemu kubwa ya dunia na +3.17 kwa ile ya Marekani, baada ya hapo kichwa cha wimbi kinakatwa, basi. Unayo desibeli 3 na kidogo tu juu ya toni ya kumbukumbu. Mtu mwenye sauti kubwa kwenye saketi iliyopandishwa 6 anagonga dari kila neno, na toni za kubonyezea namba zikikatwa vichwa zinazaa masafa mengine ambayo hayakuwepo, mashine ya upande wa pili inakataa kuzisoma, na wewe unaambiwa simu ina tatizo la vitufe.

Toni ya jaribio nayo ina kaujanja kake. Sampuli kwenye simu ya dijitali ni 8000 kwa sekunde, ukituma toni ya hetsi 1000 kamili kila mzunguko unaangukia sampuli zile zile 8, unakuwa umejaribu kodi (namba za sauti) chache tu za kodeki na hujui nyingine zikoje. Ndo maana mafundi wanatuma 1004 au 1020, inatembea tembea kwenye kodi nyingi. Ila hizo sampuli 8 zina matumizi yake, ukizitunga kwa mkono unapata milliwati ya dijitali kamili isiyohitaji jenereta, kwa kodeki ya Marekani, kwa namba za heksadesimali za kompyuta, ni 1E 0B 0B 1E 9E 8B 8B 9E, irudie bila kuacha na umepata 0 dBm0 isiyozeeka wala kuyumba. Swichi nyingi zina namba ya kupiga inayokupa toni hiyo.

Upotevu unauweka wapi basi. Mitambo ya dijitali ilipoenea, ile kanuni ya kupoteza kwa kadiri ya urefu ilikufa, biti hazipotezi, na badala yake ukawekwa upotevu wa kudumu, kama 6 au 7, na unawekwa upande wa kupokea, mwishoni kabisa, sauti ikishatoka kwenye dijitali inateremka kwa mteja. Sababu ni rahisi ukiiwaza: kelele zote zilizookotwa njiani zinateremka pamoja na sauti. Ukiweka upotevu huo huo mwanzoni, unaishusha sauti peke yake kuikaribia kelele, halafu mwishoni mtu atapandisha vyote viwili. Mwangwi haujali, unapita kote, lakini sikio linajali sana.

Siku hizi kuna vifuta mwangwi kila mahali, vinavyojifunza mwangwi ulivyo na kuutoa bila kumfungia mtu njia, na watu wanadhani habari ya levo imeisha. Kwa saketi ambayo mwangwi unachelewa zaidi ya milisekunde 25 kwenda upande mmoja kifuta mwangwi ni lazima kweli, na simu za intaneti zinapita hapo bila shida, paketi, bafa, kodeki, unajikuta una mia na ushee. Lakini kifuta mwangwi chenyewe kimejengwa kikiamini kwamba sauti inayopenya kwenye haibridi imeshuka angalau desibeli 6. Hiyo ndo njia yake ya kujua huyu anayesikika ni mwangwi au ni mtu wa upande huu ameanza kuongea. Sasa nenda kwenye adapta ya laini ya shaba, kile kifaa kinachounganisha simu ya intaneti na laini ya kawaida, pandisha geini ya kuingia 4 na ya kutoka 4, zote mbili ziko kati ya kifuta mwangwi na haibridi, umekula 8, mwangwi unarudi mkubwa kuliko kifuta mwangwi kinavyoruhusu, kinadhani kuna mtu anaongea, kinaacha kujifunza, kinakaa tu. Na ukiongeza mpaka kichwa cha wimbi kikatwe ndo kabisa, kifuta mwangwi kinaweza kufuta sauti inayofanana na iliyotumwa tu, iliyokatwa kichwa haifanani tena.

Kwa hiyo nikikutana na adapta inayolalamikiwa narudisha geini zote sifuri kwanza, hata mteja akinuna. Halafu naangalia impidansi, kwa sababu vifaa vingi vinatoka kiwandani vimewekwa ohmu 600 tupu na laini haifanani na 600, nchi nyingine mpango wao ni ohmu 270 ikifuatana na 750 iliyowekwa sambamba na nanofaradi 150, na ukichagua inayofaa mwangwi unashuka bila kugusa levo hata kidogo. Baada ya hapo napiga ile namba ya milliwati, nasoma toni inayoingia, najua laini inapoteza ngapi, natuma toni yangu nasoma inafika ngapi, na hapo ndo nagusa geini, desibeli moja au mbili, upande unaohitaji tu. Namba zinaandikwa kwenye karatasi inayobaki na kifaa, pamoja na pointi zilipopimwa na mita ilikuwa imefunga mzigo au ilikuwa inachungulia.